Wimbo Uliotafuta Watoto

Kila mara tunapozungumza na akina baba na akina mama wa Kikristu habari za malezi, haipiti nusu saa kabla mmoja wao hajaleta mashtaka juu ya muziki wa vijana. Husema ya kwamba ni makelele matupu, ya kwamba waimbaji wenyewe hawana adabu wala hawachani nywele, na ya kwamba mtoto akiisha kutia zile waya masikioni hamsikii tena mama yake akimwita. Mashtaka hayo hatuyadharau. Mengi ni ya kweli, na sisi wenyewe tumeyasema mara nyingi. Lakini leo twataka kuwaleteeni, wapenzi wasomaji, habari ya wimbo mmoja wa makelele hayo hayo, ambao ulifanya kazi ambayo wengi wetu wenye rozari mikononi hatukuifikiri kamwe. Na tukiisha kuisimulia tutauliza swali moja, wala halitakuwa la wapiga magitaa, bali la wenye nyumba.

Katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, huko Marekani, vijana kadhaa walianzisha mwaka 1981 bendi ya muziki wa roki ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Soul Asylum. Kwa muda wa miaka kumi walipiga muziki wao pasipo kupata sifa kubwa. Mwaka 1992 walitoa albamu iliyoitwa Grave Dancers Union, maana yake Chama cha Wacheza Ngoma Makaburini. (Tunakiri ya kwamba kwa jina hilo peke yake tungaliifungia mlango.) Ndani yake ulikuwamo wimbo uitwao Runaway Train, na mwaka 1993 wimbo huo ulipotolewa peke yake ulivuma sana. Ulipanda hata nafasi ya 5 katika orodha kubwa ya nyimbo zinazopendwa Marekani, na mwaka 1994 ukapewa tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki.

Jina la wimbo lahitaji kuelezwa, kwa sababu habari yote imo ndani yake. Kwa Kiingereza neno lile moja hutumika kwa gari-moshi lililokatika breki likawa linakimbia lenyewe relini, na neno lile lile hutumika kwa mtoto aliyetoroka kwao. Mtunzi, Dave Pirner, hakuwa anafikiri habari za watoto. Ameeleza mwenyewe ya kwamba aliutunga katika wakati wa huzuni nzito iliyomlemea moyo, akajiona kama mtu aliyechukuliwa na kitu asichoweza kukisimamisha. Basi ulikuwa wimbo wa mtu mzima mwenye majonzi yake, kama zilivyo nyimbo nyingi, na ungaliweza kuvuma msimu mmoja ukasahauliwa.

Lakini siku hizo wimbo haukuwa wa kusikilizwa tu. Ulikuwa na filamu yake fupi, video, iliyoonyeshwa katika televisheni mchana na usiku, hasa katika stesheni ya MTV ambayo vijana wa Marekani waliikodolea macho saa nyingi. Kazi ya kuipiga filamu hiyo alipewa Mwingereza mmoja, Tony Kaye. Yeye alilitazama lile neno la jina kwa upande wake wa pili. Filamu inaanza kwa maandishi yasemayo ya kwamba vijana zaidi ya milioni moja wamepotea katika mitaa ya Marekani. Juu ya hesabu hiyo hatutabishana. Watoto wa namna hiyo ni vigumu kuhesabika. Kisha bendi inaimba, na kati ya kuimba kwao twaonyeshwa mtoto akikimbia mapigano ya nyumbani, na msichana aliyeanguka katika mikono ya watu waovu, na mtoto mchanga akiibwa kutoka kigari chake. Na katikati ya hayo, pasipo kuelezwa neno, zatokea picha za watoto halisi: uso, jina, na mwaka aliopotea. Uso mwingine, jina, mwaka. Wapo wanaocheka katika picha, kama watoto wachekavyo wapigwapo picha shuleni. Mwisho kabisa, mwimbaji akawaomba watazamaji ya kwamba aliyemwona mmojawapo wa hao, au aliye mmojawapo wa hao, apige simu.

Aliye mmojawapo wa hao! Twaomba msomaji aliweke neno hilo moyoni, maana tutalirudia.

Wamarekani hawakuwa wageni wa kutafuta watoto kwa picha. Tarehe 25 Mei 1979 mtoto wa miaka 6 alitoweka katika mji wa New York alipokuwa akienda kupanda basi la shule, na nchi nzima ilishtuka; tangu mwaka 1983 siku hiyo ya 25 Mei ikawekwa kuwa siku ya kuwakumbuka watoto waliopotea. Mwaka 1984 ikaanzishwa taasisi ya taifa ya kuwatafuta. Mwaka huo huo, katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, kiwanda cha maziwa kikaanza kuchapa picha za watoto waliopotea juu ya katoni zake, na viwanda vingine vingi vikafuata. Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo kitu kilichowekwa mezani kila asubuhi mwishowe macho hayakioni tena, na katoni ikiisha maziwa hutupwa pamoja na uso uliochapwa juu yake.

Sasa fikirini ni nani awezaye kujua alipo msichana wa miaka 14 aliyetoroka. Si mama wa nyumbani anayemimina maziwa. Ni kijana mwenzake: aliyelala naye katika stesheni ya basi, aliyemwazima koti, aliyemwona na rafiki mpya mwenye umri wa kumzaa. Kijana huyo hasomi magazeti, wala hatazami katoni, lakini mwaka 1993 alitazama MTV. Wakati watu wazima walipotangaza mahali wanapotazama wao, bendi hii ilitangaza mahali wanapotazama watoto wenyewe. Ni busara ambayo hata wavuvi wa Galilaya waliijua, ya kutupa wavu upande wenye samaki.

Na wavu haukutoka mtupu. Kulikuwa na filamu zaidi ya moja, maana kila walipopatikana baadhi ya watoto, picha zao ziliondolewa zikatiwa za wengine. Na katika nchi nyingine, kama Uingereza na Australia, zilitiwa picha za watoto wa huko. Mwongozaji wa filamu alidai baadaye ya kwamba watoto 26 walipatikana. Inajulikana pia habari ya msichana mmoja aliyetoroka kwao Arkansas akafika hata California, akajiona mwenyewe katika televisheni wimbo ulipokuwa ukipigwa, akarudi nyumbani. Jaribuni kuwaza saa ile. Mtoto amekaa katika nyumba ya watu, anadhani huko kwao amekwisha sahauliwa, au wamefurahi kwamba kero imeondoka. Mara aona uso wake mwenyewe, na jina lake, na mwaka. Ndipo ajuapo ya kwamba kuna mtu aliyechukua picha ile ukutani akaipeleka kwa wageni, akiomba msaada.

Twasikitika ya kuwa hatuwezi kuishia hapo. Si wote waliopatikana walipatikana hai. Katika filamu iliyoonyeshwa Uingereza walikuwamo wasichana wawili waliopotea mwaka 1991, na watazamaji waliziona sura zao muda wote ule wimbo ulipovuma. Kumbe walikuwa wamekwisha kuuawa. Mabaki yao yalifukuliwa mwaka 2007 katika bustani ya nyumba moja mjini Margate. Miaka 16 wazazi walikaa wakisikiliza mlango. Marehemu hao tuwaombee, na wazazi wao pia, maana hakuna matanga marefu kuliko ya asiyeruhusiwa kulia wala kutumaini.

Liko jambo jingine gumu zaidi, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Dan Murphy, alisimulia mwaka 2006 ya kwamba safarini walikutana na msichana mmoja aliyekuwa katika filamu yao. Hakuja kuwashukuru. Aliwaambia ya kwamba wameyaharibu maisha yake, kwa sababu ile picha ilimrudisha katika nyumba aliyoikimbia, na ile haikuwa nyumba ya kurudiwa.

Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulitaka kuipita. Ni rahisi kusema ya kwamba mtoto huyo alikuwa mkaidi, au ya kwamba mja hakosi la kunung'unikia. Huenda. Lakini taasisi ile ya Marekani hueleza ya kwamba katika habari za watoto waliopotea zinazoletwa kwake miaka hii, zaidi ya tisa katika kila kumi ni za watoto waliotoroka. Hawakunyakuliwa na mtu mwenye gunia, yule tunayewatishia watoto wetu naye. Walivaa viatu vyao, wakafungua mlango wa baba yao, wakatoka kwa miguu yao wenyewe. Tunamwogopa mwizi wa njiani, twatia makufuli na seng'enge, na huku mtoto anakimbia kitu kilichomo ndani ya kufuli.

Ndilo swali letu basi, enyi akina baba na akina mama: mtoto wako akitoroka leo, na kesho bendi ya roki, au polisi, au paroko, au jirani mwema akamrudisha hata kizingitini, je, atakuwa amerudishwa wapi?

Hatusemi ya kwamba kila atorokaye amedhulumiwa. Amri ya nne ya Mungu ingalipo, nayo yawabana watoto. Tena hata nyumba takatifu yaweza kukimbiwa. Mtakatifu Monika alimlea mwanawe Augustino kwa machozi na sala, huko Afrika ya Kaskazini, na kijana alipotaka kwenda Roma alimdanganya mama yake bandarini Karthago. Alimwambia ya kwamba anamsindikiza rafiki tu; mama akalala katika kikanisa cha Mtakatifu Sipriano, karibu na bahari, akisali mwana asisafiri; na usiku ule ule chombo kikatweka tanga. Augustino mwenyewe ndiye aliyeyaungama hayo katika kitabu chake alipokwisha kuwa Askofu. Alikuwa mtu mzima karibu na miaka 30, naye mama alikuwa mtakatifu, na bado alitoroka. Kwa hiyo mzazi ambaye kiti kimoja ni kitupu mezani pake asidhani tunamhukumu. Monika hakukaa ufukoni akihesabu aibu yake. Alivuka bahari akamfuata, akamkuta Milano.

Lakini Monika alikuwa na haki ya kumfuata, kwa kuwa alipokuwa akimfuata hakumletea fimbo. Hapo ndipo tunapoona haya. Maana tunazijua nyumba za Kikristu, zenye picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, ambamo baba akirudi jioni na harufu ya pombe watoto hutawanyika kama vifaranga waonapo mwewe. Tunazijua nyumba ambamo binti akikosea mtihani huambiwa mbele ya wageni ya kwamba afadhali angalizaliwa jiwe lingejengea. Neno la "ondoka nyumbani kwangu" husemwa kwa hasira siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne aliyelisema amelisahau. Aliyeambiwa hakulisahau, alikuwa analiweka akiba. Mtume Paulo, alipokwisha kuwaagiza watoto watii, hakutua kalamu. Aliwageukia akina baba papo hapo, akawakataza kuwachokoza watoto wao hata wakakata tamaa. Nusu ya kwanza ya mafundisho hayo twaisoma kwa sauti kubwa sana.

Na yako maovu makubwa kuliko fimbo na matusi, ambayo mtoto huyakimbia na hana maneno ya kuyataja. Mtoto akirudishwa akasema ameguswa vibaya, hata kama amtajaye ni mjomba, hata kama ni mlezi aheshimiwaye na mtaa mzima, hata kama ni mtu wa Kanisa, asinyamazishwe kwa ajili ya jina la ukoo, wala la parokia. Asirudishwe chini ya paa lile. Habari ipelekwe kwa wenye mamlaka ya kuichunguza, na mtoto alazwe mahali pa salama usiku ule ule. Tumechelewa kulisema jambo hili katika Kanisa, na kuchelewa kwetu kumewagharimu watoto wengi. Sasa tukiwa tumelisema, lisifunikwe tena kwa blanketi la heshima.

Twafikiri pia juu ya Maria na Yosefu, waliompoteza Mtoto siku tatu. Alikuwa na miaka 12. Walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara na jamaa, kosa ambalo kila mzazi mwenye watoto wengi analielewa. Wakarudi Yerusalemu wakitafuta. Na walipomwona Hekaluni, tazameni mama alianzaje. Alianza kwa kuuliza. Alimwuliza kwa nini ametenda hivyo, akamwambia wazi jinsi yeye na babaye walivyoumia. Jibu alilopewa hawakulielewa, Luka asema hivyo pasipo kuficha. Hawakulielewa, na bado walishuka naye Nazareti, na mama akayaweka yote moyoni. Yosefu hana neno lililoandikwa. Tukimwaza amesimama pale, mavumbi ya siku tatu miguuni, twaona ya kwamba baba aliyeacha kazi yake akaja kutafuta amekwisha kusema mengi.

Mwaka 2019 wimbo ule uliimbwa upya na waimbaji wengine, na filamu yake ikatengenezwa kwa ufundi wa intaneti, hata mtazamaji akaonyeshwa picha za watoto waliopotea katika pande anakokaa yeye mwenyewe. Anayetazama mjini huonyeshwa wa mji ule, na wa jimbo jingine huonyeshwa wa jimbo lake. Tumependa ufundi huo. Ni vyepesi kumlilia mtoto wa mbali.

Ile filamu ya kwanza ingali inatazamwa hata leo, nao walioonyeshwa humo, kama wangali hai, wamekwisha kuwa watu wazima wenye watoto wao. Tumeitazama pamoja na vijana wawili wa nyumba moja tunayoizoea, nao walishangaa kutuona tumekaa hata mwisho. Mmoja alituuliza kama watoto hao wote walirudi. Tulimweleza kama tulivyowaeleza ninyi, na habari ya yule msichana aliyelalamika hatukuificha. Kijana akafikiri kidogo, akasema ya kwamba labda hakuulizwa kwa nini aliondoka.

Neno hilo lilitupeleka tena katika sura ya 15 ya Luka. Mwana mpotevu alikuwa ametunga hotuba yake njiani, nayo ilimalizikia kwa kuomba afanywe mmojawapo wa watumishi wa mshahara. Baba alimwona angali mbali, maana yake alikuwa akiitazama njia. Akapiga mbio, mzee mzima, akamwangukia shingoni. Kijana akaanza hotuba. Ukiisoma kwa uangalifu utaona ya kwamba lile ombi la utumishi hakulifikia; baba alikwisha kugeuka akiagiza vazi, na pete, na viatu. Alikatwa kauli na furaha. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyokuwa ya kurudiwa.

Lakini alikuwako na mwana wa pili, yule ambaye hakutoroka kamwe. Siku zote alikuwa shambani, mtiifu, hana doa, na moyoni alikuwa nje ya nyumba tangu zamani pasipo mtu kujua. Nyumba nyingi zina mtoto kama huyo. Pengine ndiye huyo mwenye waya masikioni chumba cha pili. Aliposikia ngoma na nderemo alikasirika, akakataa kuingia. Baba aliacha wageni na karamu, akatoka mlangoni mara ya pili siku ile, akasimama naye gizani akimsihi. Kama yule mwana aliingia, Luka hakutuandikia.